Siafu na Uzi wa Shati Kuukuu

Aliyekohoa nyuma ya pazia alikuwa Kaptula.

Najua, wasomaji wangu, najua. Wiki nzima mmenisimamisha njiani, mmoja wenu amenikuta kwa kinyozi nina povu shavuni, na wote mliniomba jambo moja: asiwe yule mtoto. Samahanini sana. Mimi nasimulia yaliyotokea, si niliyoombwa.

Siafu alivuta pazia akamkuta mdogo wake sakafuni, amejikunja, mikono miwili kifuani. Kaptula alikuwa na miaka sita, na jina hilo alilipata kwa zile kaptula za kurithi zilizomfika chini ya magoti. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa akicheza mpira uani hadi akatishiwa kiboko ndipo akaingia ndani. Sasa midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Akakohoa tena. Kikohozi kikavu, kirefu, chenye mluzi mwishoni.

Siafu alikijua kikohozi hicho. Alikuwa amelala nacho ukuta kwa ukuta miezi mingi. Kilikuwa kikohozi cha Mama.

"Dada," Kaptula alisema, "kuna mtu amenikalia kifuani."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitamweleza kwa pumzi moja. Siafu, msichana wa miaka kumi na miwili, mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, alimshonea mama yake mgonjwa kiraka begani. Alimshonea kwa mkono, Mama akiwa amelala na gauni lake mwilini. Uzi ukapata moto vidoleni. Mshono ukang'aa, ukazimika. Na Mama, ambaye daktari alikuwa amekwisha kumkatia tamaa, akakaa kitandani akaulizia viatu vyake viko wapi.

Leo alikuwa amevivaa na kutoka. Alikwenda kwa dobi alikokuwa akifanya kazi zamani, kuwaonyesha kwamba bado yupo.

"Shangazi!" Siafu alipiga kelele. "Shangazi, njoo!"

Chumba cha mbele cherehani ikanyamaza. Shangazi, dada wa marehemu baba yao na fundi wa nguo wa mtaa mzima, alikuja akipapasa ukuta. Siku hizi macho yake yalikuwa yakimtania: mlango aliuona, kizingiti hakukiona. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha Kaptula. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama yako alipona lini?"

"Jana. Si ulikuwepo, Shangazi?"

"Nilikuwepo alipoinuka. Sikuwepo alipopona. Alipona vipi?"

Siafu alitazama chini.

"We mtoto, nakuuliza. Alipona vipi?"

"Nilimtia kiraka."

"Kwa cherehani?"

"Kwa mkono."

Shangazi alifumba macho. "Kwa uzi gani?"

Hapa lazima niwaambie sheria ya nyumba ile. Uzi mpya ulikuwa wa wateja. Viraka vya nyumbani vilishonwa kwa uzi wa zamani. Nguo iliyochakaa haikutupwa hivi hivi: ilifumuliwa kwa wembe, uzi wake ukazungushwa kwenye kijiti, kijiti kikatundikwa msumarini. Majirani walisema Shangazi akiachwa peke yake atafumua hata utando wa buibui.

"Wa kwenye kijiti," Siafu alisema. "Ule wa bluu. Ulitoka kwenye shati la zamani la Kaptula."

"Mchuma janga hula na wa kwao," Shangazi alisema polepole. Kisha akamshika Siafu mabega, akambana. "Nisikilize, maana sina nafasi ya kurudia. Uzi uliokaa mwilini mwa mtu unamjua mtu yule. Wengine wakiushonea, ni uzi tu. Lakini kwenye ukoo wa baba yako kuna mkono. Mkono huo ukiutia uzi kwenye nguo ya mgonjwa, mgonjwa anasimama kwa nguvu za mwenye uzi. Na ugonjwa unahamia kwa mwenye uzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani mkono umeishia kwangu! Unafikiri kwa nini sishoni hata kifungo bila cherehani? Chuma hakina damu."

Kaptula alikohoa hadi akatapika mate.

"Nimemuua?" Siafu aliuliza.

"Bado. Kafumue. Aliyeshona ndiye anayefumua, mkono mwingine ukigusa mshono ule utachana nguo bure. Mfuate mama yako kabla kifua cha huyu hakijafunga."

"Nikifumua, Mama atakuwaje?"

Shangazi alitoa wembe mfukoni, umeviringishwa kitambaa, akamnyooshea.

Siafu aliupokea kwa mkono wa kushoto, ukamponyoka. Tangu asubuhi vidole vya mkono ule vilikuwa vya baridi na vizito, kama vya mtu aliyelalia mkono. Hakuwa na wakati wa kuvifikiria. Aliuokota kwa mkono wa kulia, akatoka mbio.

*

Kwa dobi mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Mashuka yalining'inia kila upande. Katikati yake Mama alisimama kwenye meza ya kupigia pasi, mgongo kwa mlango, akiimba.

Siafu hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mama yake akiimba.

Dobi mwenyewe, mzee mnene asiyewahi kumsifu mtu, alikuwa amesimama pembeni anatikisa kichwa. "Kama wagonjwa mahututi wanarudi kazini wakipiga pasi namna hii," alisema, "basi hawa wazima wangu niwapeleke hospitali." Wanawake wote wakacheka. Mama akacheka kuliko wote.

Siafu alisimama kwenye mvuke na wembe wake. Alijua akimwambia Mama neno moja tu, Mama atakubali papo hapo. Ndiyo sababu hakutaka kumwambia. Akaona heri afumue kimya kimya, Mama asijue, kusiwe na wa kuaga wala kuagwa. Msimcheke. Nanyi mngekuwa na umri ule mngefikiri hivyo.

"Mama, uzi unaning'inia begani kwako. Ngoja nikate."

"Kata, mwanangu. Fundi ni wewe."

Alitia ncha ya wembe kwenye mshono wa kwanza, akakata, akavuta kipande kidogo cha uzi wa bluu.

Wimbo ulikatika. Mama alikohoa mara moja, mkono mdomoni, pasi imesahauliwa juu ya shuka hadi harufu ya kuungua ikawafikia.

"Mvuke tu huu," Mama alisema haraka, akiinyanyua pasi. "Nitauzoea."

Siafu alijaribu mshono wa pili. Mkono ulikataa. Akajaribu tena, na safari hii machozi yakamtangulia. Mama akageuka.

"Nani?"

"Hakuna."

"Siafu, nimekuzaa mimi. Kilio hicho kina mwenyewe. Nani?"

"Kaptula."

Mama alizima pasi, akamshika bintiye mkono, na yaliyobaki aliyasikia njiani. Kufika nusu ya safari alikuwa amekwisha kuyaelewa yote, akaanza kukimbia. Siafu, mwenye miguu ya miaka kumi na miwili, aliachwa nyuma na mwanamke ambaye juzi hakuweza kushika kikombe. Alikimbia kwa kifua cha mwanawe. Kila pumzi aliyovuta ilitoka kwa Kaptula, naye alijua, na hakuwa na njia nyingine ya kumfikia.

*

Walimkuta Kaptula kitandani, macho nusu wazi, mluzi wa kifua chake ukisikika toka uani. Shangazi alikuwa amemwinulia kichwa.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akageuza bega.

"Fumua."

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari ndiye aliyemzaa huyu? Fumua."

"Wifi," Shangazi alianza, akifuta macho.

"Wifi, nawe utalia baadaye. Sasa hivi mshikie mtoto kichwa. Siafu, mwanangu, mimi ugonjwa huu nimekwisha kuulala, njia zake nazijua. Yeye hazijui. Mbona unanichelewesha?"

Siafu alifumua.

Kila mshono uliokatika, kifua cha Kaptula kilipanda kidogo zaidi. Na kila mshono uliokatika, mgongo wa Mama ulishuka kidogo. Mama alishika chuma cha kitanda hadi vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Hakupiga kelele. Alikohoa akiwa amefunga mdomo, ili bintiye asisikie sana. Siafu alisikia yote. Alichukia mkono wake, alichukia sindano zote za nyumba ile, na hakusimama.

Kipande cha mwisho cha uzi wa bluu kilitoka.

Kaptula alifungua macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani amekula mkate wangu?"

Shangazi alicheka huku analia. Siafu alimkumbatia mdogo wake hadi akalalamika anabanwa. Kisha yeye na Shangazi wakakumbuka, wakageuka kumtazama Mama, wakiogopa.

Mama alikuwa ameketi wima.

Jasho lilimtoka, uso umempauka, lakini alikuwa ameketi bila kushikiliwa, anavuta pumzi na kuitoa. Aligusa kifua chake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Mbona bado nipo?" aliuliza.

"Mama!" Siafu aliruka. "Mama, umepona kweli! Umepona mwenyewe!"

Hapo ningeweza kuishia, na nyumba nyingi leo zingelala kwa raha. Lakini Shangazi alikuwa fundi, na fundi haamini macho, hasa yakiwa macho kama yake. Alinyoosha mkono, akapapasa bega la Mama.

"Kiraka bado kimeshika," alisema. "Kwa nini bado kimeshika?"

Ni kweli. Upande mmoja ulikuwa umeachia, unaning'inia. Upande wa pili ulikuwa umekaza, umeshonwa vizuri, kwa uzi mweupe.

"Wa bluu uliniishia katikati," Siafu alisema. "Nikaunga mweupe."

"Mweupe upi?"

"Ule ulionipa mwenyewe, Shangazi. Juzi ulikaa mlangoni unafumua vitu vya sandukuni. Ukanipa, ukasema uzi wa siku hizi si uzi, shika huu."

Shangazi aliusugua ule uzi kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa wa pamba nzito, umesokotwa mara mbili, aina ambayo maduka yaliacha kuiuza zamani. Aliusugua tena. Furaha yote ikamtoka usoni.

"Nileteeni sanduku."

Siafu alikwenda kulifungua. Mkono wake wa kushoto haukuweza kuinua kifuniko. Aliinua kwa kiwiko, akalisukuma hadi kitandani kwa mguu, na hakusema kitu, kwa sababu siku ile kila mtu alikuwa na lake.

Shangazi alitumbukiza mikono hadi chini kabisa. Akatoa kigauni cheupe cha mtoto mchanga, kidogo kiasi kwamba kiliingia chote kwenye viganja vyake. Kilikuwa na mkono mmoja. Wa kushoto haukuwepo.

Mama alipiga ukelele ambao hakuupiga alipokuwa akifumuliwa.

"Wifi! Umefumua kigauni?"

"Nilidhani ni foronya," Shangazi alisema. "Macho yangu haya, wifi yangu. Wallahi nilidhani ni foronya."

"Kigauni cha nani?" Siafu aliuliza.

Shangazi alikikunjua magotini, akakikunja tena.

"Nauliza, cha nani?"

"Chako," Mama alisema.

Alimvuta karibu, na mkono wa kushoto wa Siafu ulipomgusa, Mama alishtuka. Aliushika, akaanza kuupuliza, kuusugua, kuuficha kwapani mwake kama mama anavyofanya na mtoto aliyetoka kwenye mvua. Haukupata joto.

"Hukuwa umeanza kutambaa," alisema. "Baridi ilikushika vidoleni, ikawa inapanda. Tulikuwekea moto, tukakufunika mablanketi, daktari akaja akarudi. Siku ilipofika mabegani, baba yako alivua shati, akavuta uzi kwenye pindo lake mwenyewe, akampa dada yake. Akamwambia, mshonee."

"Baba alianguka," Siafu alisema. "Mlisema alianguka kazini."

"Alianguka," Shangazi alijibu. Baba yao alikuwa mwashi. "Aliibeba baridi yako miaka mitano, hadi Kaptula akiwa tumboni; siku hiyo alikuwa juu ya jukwaa, na mikono ikafa ganzi, ikaachia. Hilo hatukukudanganya. Tulikuficha tu lile lililotangulia. Baada ya mazishi niliweka kigauni chini ya vitu vyote nisije nikakigusa. Miaka yote hii sijakigusa, Siafu. Na juzi nimekifumua kwa mkono ule ule ulioshona, nikiwa nimekaa mlangoni naimba."

Sasa tuelewane, maana hapa ndipo pabaya. Kigauni kilikuwa ndicho kilichomzuia Siafu asirudiwe na baridi. Mkono mmoja wa kigauni umefumuliwa, na mkono mmoja wa Siafu umeanza kufa. Na uzi uliotoka pale, uzi wa Baba, sasa umo begani mwa Mama, na ndio unaomshikilia.

Mbele ya macho yao mshono mmoja wa kigauni ulijifungua wenyewe kwenye bega. Kisha wa pili. Mshono ukishaanzwa huwa hausubiri mtu. Siafu alihisi baridi inapita kiwiko.

"Siafu," Shangazi alisema, "fumua huo mweupe nipe. Nitaurudisha kwenye kigauni, hata kwa kupapasa nitaushona. Lakini upesi. Baridi ikivuka kifua ikafika mkono wa kulia, hatutakuwa na wa kufumua."

Mama alikwisha kugeuza bega.

Siafu aliukunja wembe ndani ya kitambaa chake, akauficha nyuma ya mgongo.

"Hapana."

"Siafu!"

"Kaptula nilimfumulia. Mimi mwenyewe sijifumulii."

"Unabishana na mimi?"

"Ndiyo."

Mama aliinua kiganja kumchapa. Kikabaki hewani, kikashuka, kikamshika shavu. "Mwanangu, nakuomba. Sikuamuru, nakuomba. Baba yako hakufa ili uje kunipa mimi uhai huo."

"Baba alichagua mwenyewe. Wewe umechagua mwenyewe sasa hivi, nikakusikia ukikohoa mdomo umefungwa, unadhani sikusikia? Kwa nini nikifika mimi ndipo mnasema mtoto?"

"Kwa sababu wewe ni mtoto!"

"Wifi, mnyang'anye wembe!" Shangazi alisema.

"Nimnyang'anye nifanye nini nao? Si umesema lazima afumue mwenyewe?"

"Basi mwambie!"

"Si namwambia!"

Walikuwa wakisema wote watatu kwa pamoja, Mama akikohoa kati ya maneno, Shangazi akikibana kile kigauni kwa viganja viwili kama kwamba kubana kungezuia mshono kufunguka. Mshono ulifunguka. Baridi ilifika begani. Siafu aliegemea ukuta ili wasione kwamba anatetemeka.

Hakuna aliyemtazama Kaptula.

Ilisikika sauti ndogo, ile ambayo nyumba ile iliijua kuliko sauti zote, ya uzi unaochomolewa kwenye nguo. Wote wakageuka.

Kaptula alikuwa amekaa kitandani, amelivua shati lake, pindo la chini amelibana kwa meno. Alikuwa anavuta uzi kwa mikono miwili, taratibu, asije akaukata, kama alivyomwona Shangazi akifanya kila siku. Alikuwa amekwisha kupata kipande kirefu kuliko mkono wake.

"Msigombane," alisema, akalitema pindo, akamnyooshea dada yake ule uzi. "Shona huu. Mimi ninao mwingi."